Sebule yenye giza: rangi inakosea wapi na tuirekebishe vipi

Mtu akiniita kupaka sebule yenye giza, ndoo za rangi naziacha nje kwanza. Naomba kiti, nakaa pale mwenye nyumba anapokaa jioni, natoa karatasi nyeupe ya daftari. Naiweka dirishani, naitazama. Kisha naiegemeza kwenye ukuta wa mbali zaidi, ule wenye televisheni au kabati la vyombo, narudi kitini naitazama tena. Karatasi ni ileile. Lakini katika nyumba nyingi za huku Lubumbashi, zenye barza mbele na mwembe uwanjani, karatasi hiyo ikifika ukuta wa mbali inakuwa na rangi ya majivu.

Hapo nusu ya jibu nimeshaipata. Karatasi ikionekana kijivu pale, rangi nyeupe nayo itaonekana kijivu palepale, hata ukiirudia mara tano. Rangi haina taa ndani yake. Inarudisha mwanga unaoifikia, na mwanga usipofika hakuna cha kurudisha. Napaka nyumba tangu ujana wangu, na sijaona kosa linalowamalizia watu pesa kama hili: wanapigana na giza kwa weupe, wanashindwa, wanapaka tena weupe.

Hapa chini nimeandika malalamiko jinsi ninavyoyasikia kwenye malupango, yaani viwanja vya nyumba za watu, pamoja na chanzo chake. Soma lile linalokuhusu. Ila kabla ya kununua chochote, fanya usafi wa siku moja. Toa wavu wa mbu dirishani uuoshe. Vumbi letu jekundu la Agosti na Septemba huziba vitundu vyake hadi wavu unakuwa kama kitambaa. Osha vioo pande zote mbili. Vuta rido zipite kabisa ukingo wa dirisha, hata kama itabidi ununue bomba refu zaidi la kuzitundika. Kata matawi ya chini ya mti. Kisha rudia jaribio la karatasi. Nimewahi kuondoka kwa mtu bila kazi kwa sababu baada ya usafi huo sebule yake ilimtosha, na sikujuta.

"Nimepaka nyeupe, nyumba imekuwa kama dispensari"

Mama mmoja wa Katuba, mtaa wa mji wetu, aliniita akiwa amepaka nyeupe mara mbili ndani ya miaka miwili. "Weka mweupe mingi, fundi," aliniambia. "Labda ile ya kwanza ilikuwa ya maji-maji." Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, kuta nene, barza ya kina cha mita mbili na nusu hivi, na uzio wa jirani uko hatua nne kutoka dirisha la pembeni. Ilikuwa saa nane mchana, Julai, jua kali nje, na ndani tulikuwa tunaonana kama watu walio chini ya maji. Nyeupe yake ilikuwa nzuri, ya bei. Lakini pembeni mwa chumba ilikuwa na ubuluu kama maziwa yaliyotiwa maji, na viti vyake vya velveti ya kahawia vilionekana kama vimewekwa ghalani vinangoja kuuzwa.

Watengenezaji wa rangi wana kipimo cha mwanga unaorudishwa, kuanzia 0 hadi 100. Nyeupe nzuri hurudisha karibu 85, krimu karibu 75, rangi ya chai yenye maziwa mengi karibu 55, na rangi ya tofali la kuchoma karibu 20. Kwa hesabu hiyo nyeupe inashinda, na pale mwanga unapogonga mara ya kwanza inashinda kweli. Lakini mwanga wa barzani hufika ukuta wa nyuma ukiwa umeshagonga sakafu, kiti na ukuta wa pembeni. Kinachofika ni kidogo, tena ni mwanga wa kivulini, wenye ubuluu wa mbingu. Nyeupe haina rangi yake ya kuongezea hapo. Inakuonyesha ule ubuluu na ule uhafifu jinsi ulivyo. Rangi yenye joto inarudisha pungufu kuliko nyeupe, ila hicho kidogo kinafika machoni kikiwa na sura ya asali, na mtu akiingia anatafuta kiti. Hakuna anayetaka kusoma gazeti kwenye kila kona ya sebule. Tunataka kukaa.

Tiba niliyompa yule mama ilikuwa na sehemu mbili, na naitumia karibu kila mahali. Nyeupe niliipeleka kule mwanga unakoingilia: mashavu ya dirisha, yaani zile kuta nene za pembeni mwa fremu, antivoli, yaani vyuma vya dirisha vya kuzuia wezi, ambavyo vilikuwa vyeusi, dari ya barza, na upande wa uzio unaotazama dirisha, baada ya kumwomba jirani ruhusa. Uzio ule ulikuwa matofali matupu, bila lipu. Tuliupaka chokaa mara mbili, basi, na alasiri ya siku hiyohiyo karatasi yangu iliyokuwa majivu ikapata uhai. Kazi ambayo ndoo mbili za miaka miwili hazikuifanya, iliifanya chokaa ya mfuko mmoja. Dari ya ndani niliiacha nyeupe yenye krimu kidogo, kwa sababu mwanga ukigonga sakafu ya barza hupanda juu ukiingia ndani, na dari ndiyo inayoupokea kwanza. Sakafu ya barza ikiwa ya saruji iliyopauka ni bahati. Ikiwa nyeusi kwa uchafu, isugue.

Kuta ndizo nilizozipa joto. Tulichagua chai ya maziwa, yenye manjano ya udongo kidogo na tone la nyekundu ili isielekee kijani. Ukuta wa nyuma, ule ambao karatasi ilikuwa inafia, tuliukoleza zaidi, karibu na asali. Watu huogopa hatua hiyo, na yule mama aliogopa. Alisimama mlangoni amekunja mikono hadi nilipomaliza mkono wa pili wa rangi. Lakini pembe ambayo tayari ina giza ukiipaka rangi iliyokolea, giza lake linaonekana ni la mahali hapo. Ukiipaka nyeupe, inaonekana chafu hata ikiwa imeoshwa asubuhi. Viti vya kahawia vikapata wenzao, na picha ya harusi iliyokuwa inapotea kwenye weupe ikaonekana kutoka barzani.

Ukitaka rangi za kuanzia, mimi hutembea na hizi: ganda la yai la kienyeji, chai ya maziwa, unga wa mahindi ya manjano, asali, haradali iliyopoa, na kwa ukuta mmoja tu rangi ya kichuguu. Hiyo ya mwisho naipenda kwa kuwa ni yetu. Matofali mengi ya mji huu yamefinyangwa kwa udongo wa vichuguu, na wekundu wake ni wa chuma kilicho ndani ya udongo. Hata kopo la rangi ya tofali la dukani kwa kawaida hupata wekundu wake kwenye oksidi ya chuma, ambayo haipaushwi na jua wala haiunguzwi na saruji. Ndiyo maana kuta za udongo za kijijini hazichuji.

"Dukani ilikuwa nzuri, nyumbani imegeuka"

Kopo ni lilelile, mwanga ndio mwingine. Tafuta ni mwanga gani, na anza na upande dirisha linakotazama.

Hapa nina neno na wale wanaonionyesha picha kwenye simu zikiwa na maelezo kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni baridi na kinahitaji rangi za moto. Kwa Ulaya na Marekani ni kweli, jua lao hupita kusini. Sisi tuko nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, na hesabu inageuka. Kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Oktoba, jua la saa sita mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Mwezi wa Juni, wakati wa baridi, linainama kuelekea kaskazini kama nyuzi 35 kutoka utosini, kwa hiyo linaweza kuingia chini ya paa na kugusa sakafu. Dirisha la kaskazini kwetu ndilo lenye joto. Dirisha la kusini hupata zamu yake kuanzia Novemba hadi Januari, ila miezi hiyo jua la mchana liko juu sana, haliinami hata nyuzi 12, na paa la barza linalizuia lote. Kinachobaki ni jua kidogo la asubuhi na la jioni, tena kati ya mawingu ya mvua. Sebule inayotazama kusini, basi, ndiyo ya kupewa asali na haradali bila woga. Inayotazama kaskazini inaweza kubeba krimu, na hata kijani cha majani makavu, bila kuhuzunisha.

Mashariki na magharibi ni suala la saa. Sebule ya mashariki ina raha asubuhi, wakati hamna mtu ndani, na jioni inazimika. Chagua rangi yake jioni. Ya magharibi hupata jua la saa kumi lenye rangi ya chungwa. Ukiweka chungwa juu yake, ukuta utawaka. Hapo chai ya maziwa iliyopoa inatosha.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wako karibu zaidi na ikweta, kaskazini na kusini kwao karibu ni sawa. Bukavu kinachokata mwanga mara nyingi ni mlima na nyumba ya jirani aliye juu yako. Goma kuna jambo jingine: ardhi ya uwanja ni mawe meusi ya volkano, na ardhi nyeusi hairudishi mwanga kuelekea dirishani kama mchanga wetu unavyofanya. Wao uzio mweupe unawafaa kuliko sisi.

Baada ya upande, tazama nje ya kioo. Mwembe au mti wa avoka ulio karibu unachuja mwanga, na ule unaofika ndani una ukijani. Krimu yenye ulimau ikipigwa na mwanga huo inakuwa kama uso wa mgonjwa wa malaria. Fundi anayejua humpeleka mwenye nyumba kwenye krimu inayoelekea wekundu, kama embe bivu lililosagwa na maziwa, na ukijani unazimwa. Mti usiukate kwa ajili ya rangi. Utaujutia Oktoba, joto likishika.

Kisha tazama chini. Sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta, ambayo nyumba zetu nyingi za zamani zinayo, inapeleka wekundu kwenye nusu ya chini ya ukuta. Krimu ya waridi juu ya sakafu hiyo inakuwa waridi kabisa, kama chumba cha mtoto mchanga. Chagua inayoelekea manjano. Na kama una vyote viwili, mwembe nje na sakafu nyekundu ndani, utaona ukuta mmoja una rangi mbili: chini nyekundu, juu kijani. Hapo usijaribu kushinda. Weka mkeka wa rangi ya mchanga katikati ya sakafu, upake chai ya maziwa ya kawaida.

"Mchana inapendeza, usiku inachukiza"

Hiyo ni balbu. Balbu nyingi zinazouzwa sokoni zimeandikwa 6500K, na namba hiyo ni rangi ya mwanga: kadiri inavyopanda ndivyo mwanga unavyokuwa wa buluu. Mwanga wa 6500K juu ya haradali hutoa rangi ya nguo ya jeshi iliyofuliwa mara nyingi. Tafuta kwenye boksi 2700K au 3000K. Zipo, lazima uulize, na bei mara nyingi haitofautiani sana. Kama kuna namba ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisi, chukua 80 kwenda juu. Chini ya hapo hata nyama ya mboga na ngozi za watu zinaonekana zimekufa.

Balbu moja katikati ya dari nayo ni adui. Inaangaza vichwa na kuacha kuta gizani, na kuta ndizo ulizozilipia. Taa mbili ndogo zinazopiga ukutani, moja nyuma ya kiti na moja karibu na kabati, zinatumia umeme uleule na kukupa ukuta wako wote.

Umeme ukikatika, na hukatika, tunakaa na taa ya sola au mshumaa. Hivi viwili haviangazi sawa kabisa. Mshumaa uko chini ya 2000K, wa moto sana, unaipendeza karibu rangi yoyote yenye joto. Taa nyingi ndogo za sola ni za buluu. Kama nyumba yako inakaa na taa ya sola siku nne kwa wiki, jaribu rangi chini ya taa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hiyo ndiyo sebule yako halisi. Wateja wachache sana hunifikiria kichaa ninapoomba dirisha lifungwe na taa ya sola iwashwe saa tano asubuhi, na wote huelewa wakishaona.

"Nyekundu yangu imekuwa nyeusi"

Mwanga ukipungua sana, jicho hupoteza nyekundu kabla ya buluu. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Evangelista Purkyně, alilieleza jambo hilo karne ya 19, na hata sasa linaitwa kwa jina lake. Nyekundu ya divai, kahawia ya kahawa, tofali lililokolea: kwenye sebule hafifu zote zitaelekea weusi jioni kabla ya taa. Punguza ukali wake kwa manjano, usiupunguze kwa nyeupe, maana nyekundu na nyeupe ni waridi. Au iache nyekundu kwenye mito ya viti na kitambaa cha meza, ambako mkono unaweza kuihamisha.

"Ukuta unang'aa lakini chumba bado ni giza"

Hili linatokana na desturi yetu ya kupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta, kahawia au kijivu, hadi kimo cha kifua, ili watoto wasichafue. Sababu ni nzuri. Lakini rangi inayong'aa haisambazi mwanga chumbani. Inarudisha picha ya dirisha mahali pamoja, doa kali linalokupiga machoni, na jicho likizoea doa hilo, sehemu nyingine zote zinaonekana nyeusi zaidi. Tena ule mstari wa kifuani unaukata ukuta katikati. Ukikaa kitini, macho yako yako chini ya mstari: umekaa ndani ya dimbwi la kahawia, na mwanga wote uko juu ya kichwa chako.

Shusha mstari hadi sentimita 80 au 90, kimo cha mgongo wa kiti. Chini tumia rangi ya mafuta isiyong'aa sana, ya jamii moja na ya juu lakini iliyokolea kidogo: asali chini ya krimu, haradali chini ya unga wa mahindi. Juu tumia rangi ya maji isiyong'aa. Au achana na mstari kabisa, upake ukuta mzima rangi ya maji inayoosheka, yenye mng'ao mdogo kama ganda la yai. Kama una watoto wadogo watatu, sikulazimishi.

Angalizo moja la afya. Rangi ya mafuta ya zamani, hasa njano na nyekundu kali kwenye nyumba za enzi za wakoloni, mara nyingi ina risasi, yaani ile metali yenye sumu. Usiikwangue kavu wala kuichoma. Lowesha ukuta na msasa wa maji, watoto na mama mjamzito wawe nje ya nyumba, fagia kwa kitambaa kibichi, na vumbi lile lisimwagwe kwenye bustani ya mboga. Kama bado imeshika vizuri, osha tu kwa sabuni, itoe mng'ao kwa msasa wa maji, kisha paka juu yake.

"Nyuma ya kabati pamegeuka njano"

Ni rangi nyeupe ya mafuta. Hugeuka njano gizani zaidi kuliko mwangani, kwa hiyo sebule hafifu ndiyo inayoiharibu upesi. Haina dawa isipokuwa kuibadilisha na rangi ya maji. Ila kama unjano uko juu karibu na dari, na ukipitisha kidole unapata utelezi, huo ni moshi wa mbabula, jiko la makaa, au wa mishumaa. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, acha ukauke siku mbili. Ukipaka juu ya moshi bila kuosha, utajitokeza tena ndani ya wiki chache.

"Chini ya ukuta kuna mabaka meusi na unga mweupe"

Huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini na kuacha chumvi zake ukutani. Hakuna rangi ya kuutibu, na rangi ya mafuta inaufungia ndani hadi lipu inadondoka. Kwanza uondoe maji ya paa yasimwagike kando ya msingi, ushushe udongo uliorundikana nje, ubomoe lipu iliyooza. Rangi ije kiangazi. Na lipu mpya ya saruji ingoje wiki nne angalau kabla ya kupakwa. Ukali wake unaunguza rangi na kuacha madoa yaliyopauka.

"Nimeweka rangi yenye joto, sasa chumba ni kidogo kama boksi"

Mara nyingi ni dari. Kuta za asali chini ya dari nyeupe kabisa hukatwa na mstari mkali, na mstari huo unakwambia chumba kinaishia hapo. Chukua rangi ya ukuta, kopo moja kwa makopo manne ya nyeupe, upake dari kwa mchanganyiko huo. Mstari unalainika. Kama dari ni ya triplex (plywood) na viungo vyake vimefunguka, ziba kwanza kwa mastiki; rangi nzuri juu ya viungo vilivyo wazi inavionyesha zaidi.

Kwa chumba kidogo kweli, cha mita tatu kwa tatu, nina ushauri ambao wateja hukataa kisha hunishukuru: paka kila kitu rangi moja, kuta, milango, fremu, na dari ikiwa hafifu zaidi kidogo. Macho hayapati pembe ya kukamata. Chumba hakikui, ila kinaacha kukubana.

"Kijivu cha kwenye simu hakifanani na changu"

Kijivu kile kilipigwa picha kwenye nyumba yenye dirisha la ukubwa wa ukuta. Kwako dirisha ni mita moja kwa mita moja na ishirini, lina antivoli, wavu na rido. Kijivu kinahitaji mwanga mwingi ili kionekane kimechaguliwa. Kikikosa, kinaonekana ni saruji ambayo haijapakwa. Ukikipenda sana, chukua kile chenye ukahawia ndani yake, kama manyoya ya njiwa, na ukiweke kwenye mlango.

Jinsi ya kujaribu kabla ya kumaliza pesa

Usipake doa ukutani. Doa juu ya nyeupe litaonekana limekolea kuliko litakavyokuwa, kwa sababu jicho linalilinganisha na weupe unaolizunguka. Chukua kipande cha triplex cha sentimita 60 kwa 60, kipake mara mbili, kiache kikauke usiku mzima. Rangi mbichi hudanganya. Kiegemeze ukuta wa mbali, nyuma yake tandika shuka la kahawia au gazeti ili weupe wa zamani usikusumbue. Kitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku chini ya taa unayoitumia kweli. Kihamishie ukuta wa dirisha, urudie. Siku mbili zinatosha. Mwite bibi au mama mkwe akae mbele yake bila kumwambia kitu. Akisema "hapa pana joto" umefika.

Kuhusu kiasi: lita moja hupaka karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 2.8 ina kuta za mita za mraba 50. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 44, na kwa mikono miwili ni lita 9. Nunua 10. Matofali yasiyo na lipu na lipu mpya hunywa zaidi, uanze na mkono mmoja wa rangi iliyotiwa maji kidogo.

Ukikoleza mwenyewe kwa vichupa vya kolorani, mimina rangi yote kwenye pipa moja kubwa kwanza, kisha tia kolorani kidogo kidogo huku mtu akikoroga hadi chini. Kila tone liandike. Nilipokuwa kijana nilikoleza ndoo ya kwanza, nikapaka kuta tatu, nikakoleza ya pili kwa macho. Ukuta wa nne ulikuwa mwingine, na mwenye nyumba aliuona kabla sijashuka kwenye ngazi. Niliurudia kwa pesa yangu.

Juni na Julai kuta ni za baridi asubuhi, kwa hiyo shika brosi kuanzia saa nne na uache saa tisa, ili mkono wa mwisho ukauke kabla ubaridi haujashuka. Lita inayobaki ifunge vizuri, andika juu ya kopo idadi ya matone na tarehe, na uandike hivyohivyo kwa penseli ndani ya mlango wa kabati, maana kopo litapata kutu na maandishi yatafutika.